Mabasi Elfu Nane ya Mama Vichwa

Mama mkwe wangu hawezi kuingia mahali bila kuhesabu waliomo. Akifika sebuleni kwetu, kabla hajaketi, kabla hata hajajibu "karibu" yangu, macho yake yanazunguka na midomo inacheza polepole: mmoja, wawili, watatu, wanne. Tumekuwa wanne tangu mwanetu wa pili azaliwe, na huyo mwana ana miaka tisa sasa, lakini bibi yake bado anahakikisha. Siku moja nilikuwa bafuni naoga. Alikataa kugusa chai yake mpaka nilipogonga mlango kwa ndani nikasema, "Nipo, mama." Ndipo akakoroga sukari.

Si ugonjwa, ni kazi iliyomwingia mwilini. Miaka thelathini na moja alikuwa mlezi katika shule ya chekechea, na jukumu lake kubwa lilikuwa kuhakikisha kwamba watoto waliotoka ndio waliorudi. Aliwahesabu getini asubuhi, akawahesabu baada ya mchezo, akawahesabu wakilala mchana na akawahesabu tena wakiamka, kana kwamba kuna aliyeweza kutoroka usingizini. Wakienda matembezi ndiyo usiseme: wakipanda basi, wakishuka, na kila wakikata kona. Ndiyo maana wazazi walimwita Mama Vichwa, na jina likamganda hivi kwamba siku ya harusi yetu mshereheshaji alilitangaza hilohilo kwenye kipaza sauti na hakuna aliyegeuka.

Katika miaka yote hiyo hakupoteza mtoto hata mmoja. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la kuzidisha. Alitoka na watoto arobaini na wawili kwenda kutazama uwanja wa ndege, akarudi na arobaini na watatu. Yule wa ziada alikuwa wa shule nyingine kabisa. Aliipenda foleni yao, akajiunga, akapanda basi, akaimba nyimbo zote. Mama aliona kwamba idadi imezidi, akakaa kimya. Mtu akimkumbusha leo, anasema bila aibu hata chembe, "Kwa watoto, kuzidi si hasara."

Nayaeleza haya ili mjue kwamba nilimfahamu. Sina kisingizio. Nilimjua mama mkwe wangu alivyo, na bado mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamtafutia kibarua cha kuhesabu magari.

Wakati huo nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya mradi wa barabara ya kulipia. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi, kwa hiyo mchana kutwa tulinuka kama ukuta mpya. Ukutani kulikuwa na mchoro wa barabara, mrefu kiasi kwamba ulianzia nyuma ya kabati, ukapita juu ya kichwa changu, ukaishia kwenye mlango wa choo. Njia sita, uzio pande zote mbili, mageti matatu ya kulipia. Mhandisi mkuu, mtu wa makamo mwenye viatu vinavyolia sakafuni, alipenda kuwaonyesha wageni kwa fimbo: "Kutoka huku mpaka mjini, dakika kumi na mbili." Alisahau kuongeza, mradi uwe na gari na uwe na cha kulipia getini. Yeye hakuwa amepanda basi tangu akiwa mwanafunzi, na alilisema hilo kama mtu anayetaja shahada yake.

Sheria ilidai kwamba kabla ya kujenga, magari yahesabiwe, matokeo yasomwe mbele ya wananchi, kisha tume iamue. Zilihitajika pia jozi kumi na nne za macho, za watu wa kukaa kando ya barabara siku tano wakiwa na kalamu.

Nyumbani kwangu hali ilikuwa mbaya. Mama alikuwa amestaafu miezi minane iliyopita, na hakuwa na cha kuhesabu ila sisi. Alikuwa anafika saa moja asubuhi. Alizipanga soksi zangu kwa jozi akagundua kwamba saba hazina wenzake, akataka maelezo. Mke wangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa na ana haki ya kusema, aliniambia, "Mtafutie mama kitu cha kuhesabu, la sivyo nahama mimi."

Nikampa kituo cha zahanati. Nilikichagua makusudi, kwa sababu ya mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada yake mama, amemzidi miaka sita, na anaishi hatua mia mbili kutoka kituo hicho. Macho yake yalianza kufifia miaka mitatu iliyopita, na daktari akaagiza dawa ya matone: tone moja kila jicho, kila siku saa kumi jioni, bila kukosa hata siku moja, ili kidogo kilichobaki kisiondoke. Kujitilia mwenyewe hawezi, hutia shavuni. Kuhamia kwetu hataki, anasema nyumba yetu ina kelele. Basi kila siku mama hupanda basi, vituo sita, dakika ishirini na tano, hushuka hapo zahanati, humtilia dada yake dawa, hugombana naye kwa muda wa saa nzima, hurudi. Mvua, jua, mgomo, msiba, huenda. Ugomvi wenyewe hauna maana. Kuna wiki waligombana siku nne kuhusu rangi ya sanduku ambalo baba yao aliliuza kabla mama hajazaliwa.

Kazi ilikuwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni kamili. Akimaliza tu, anavuka kwenda kutia dawa. Nilijipongeza kwa akili zangu.

Mafunzo yalichukua dakika kumi, tena nne kati ya hizo zilikuwa za kutafuta kalamu. Mhandisi aligawa fomu zenye visanduku: basi, gari dogo, lori, pikipiki, jumla ya siku. Mama akanyoosha mkono.

"Samahani, mwanangu. Tunahesabu ili iwe nini?"

"Ili kujua mahitaji ya usafiri, mama," alijibu mhandisi huku anatazama saa.

"Ahaa," alisema mama, akaliandika jibu hilo kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona amefurahi sana. Baadaye aliniambia alichokifurahia: hatimaye serikali imeamua kujua watu wangapi wanasubiri mabasi, ili iongeze mabasi. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Halafu nikaufunga, kwa sababu kumsahihisha kungenilazimu nimweleze na mambo mengine.

Mambo mengine ni haya, na niyaseme sasa hivi maana yalikuwa yananikaa kooni: kwenye ule mchoro uliopita juu ya kichwa changu, kituo cha zahanati hakikuwepo. Vituo tisa vya leo vilibaki vitatu, kwenye mageti. Mabasi yalitupwa kwenye kijia cha pembeni nyuma ya magereji, na mbele ya nyumba ya mama mkubwa uliwekwa uzio wa kilomita nne usio na pa kuvukia. Kumfikia ingebidi kupanda mabasi mawili, kisha kutembea saa nzima juani, na mama ana goti bovu. Nililijua hilo tangu mwezi wangu wa kwanza kazini. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite, nina watoto wawili na ajira ni hii moja.

Basi kazi ikaanza. Mama alikwenda na kigoda chake, mwavuli, na daftari la shule, kwa sababu fomu aliiona ndogo. Wahesabuji wengine kumi na watatu walipiga mstari mmoja kila gari lilipopita, wakasinzia, wakapiga mistari mitano ya kufidia. Mama yeye alihesabu kama alivyohesabu maisha yake yote. Basi likisimama kituoni, alisimama na yeye, akapita dirisha hadi dirisha na kalamu yake hewani, na hakuliachia mpaka amewamaliza, dereva na kondakta wakiwemo. Makondakta siku ya kwanza walimtukana. Siku ya pili wakaanza kumsaidia: "Arobaini na saba, mama, na mtoto mgongoni."

"Mtoto wa mgongoni ndiye wa kwanza kuhesabiwa," aliwajibu.

Magari madogo yalimpa shida kwa sababu ya vioo vyeusi. Foleni ikisimama, aliyafuata, akagonga kioo kwa adabu. "Samahani, mko wangapi humo?" Wengi walikuwa mmoja. Aliwahurumia sana. "Peke yake, maskini," alituambia jioni, "gari zima, viti vitano, na hana hata wa kumwambia habari za asubuhi." Bwana mmoja aliteremsha kioo upana wa kidole akasema yuko peke yake. Mama akachungulia, akamwambia kwamba huyo dada aliyejiinamisha kwenye kiti cha nyuma naye ni kichwa, akaandika wawili. Kesho yake gari lile lilipita njia nyingine.

Siku ya tatu alinipigia simu wakati wa chakula cha mchana. "Mkwe wangu, hapa pamesimama gari la msiba. Wamekaa kumi na wanne, na mmoja amelala. Huyo aliyelala naye yumo?"

Mtu yeyote mwenye masikio angeshtuka hapo. Mimi nilikuwa na mdomo uliojaa. "Mama, fanya unavyoona," nikamjibu.

"Basi simwandiki," alisema baada ya kufikiri. "Sisi kule chekechea tulihesabu wa kurudi."

Kila jioni alijumlisha, akanakili jumla zake kwenye visanduku vya fomu kwa mwandiko wa chekechea, mzuri, wa duara. Nami niliziingiza kwenye kompyuta. Kituo cha zahanati, wastani wa siku: basi 8,214. Gari dogo 3,110. Niliingiza vituo vyote kumi na vinne vya kuhesabia kwa mchana mmoja, jasho linanitoka, harufu ya rangi inanipanda kichwani, na kompyuta haina tabia ya kucheka. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Mimi nilikuwa nayo mawili, mazima, bila matone ya dawa.

Mhandisi alipoona jumla kuu alisugua viganja. Barabara ilikuwa imezidiwa kuliko alivyoota. Hakuuliza imezidiwa na nini. Kikachapishwa kitabu cha karatasi nzito zinazong'aa, chenye picha ya familia inayotabasamu ndani ya gari, na nakala moja nikaenda nayo nyumbani kujitapa, maana jina langu lilikuwa ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili. Mama alikifungua kitabu kwenye ramani, akaweka kidole, akaanza kuhesabu. Nani angemzuia?

"Vituo ni tisa," alisema. "Hapa naona vitatu. Zahanati iko wapi?"

"Huo ni mchoro tu, mama."

"Mchoro wa nini?"

Nikamweleza. Nilianza na zile dakika kumi na mbili, nikapitia mageti, nikaishia kwenye uzio. Mke wangu aliacha kukunja nguo.

"Kwa hiyo dada yangu atakuwa upande ule wa uzio," alisema mama.

"Ndiyo."

"Na mimi upande huu."

"Ndiyo, mama."

"Nawe ulijua."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenigombeza ningejitetea, nina maneno mengi ya kujitetea, niliyatunga miezi kumi na moja. Alikifunga kitabu, akavaa viatu, akaondoka bila kutuhesabu. Mke wangu aliniangalia mara moja tu, akarudi kwenye nguo zake, na shati langu akaliacha lilivyo. Niliona aibu, na hadi leo nikikumbuka naiona.

Mkutano wa kusikiliza maoni ulifanyika wiki hiyo katika ukumbi wa shule, kuanzia saa saba mchana. Viti vya plastiki vilijaa, waliokosa wakasimama ukutani. Mezani walikaa watu watatu wa tume, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mnene mwenye upole wa mtu asiyedanganyika. Mimi nilikaa mstari wa mbele pamoja na watu wa mradi, nimevaa lile shati ambalo halikukunjwa. Mama alikuwa nyuma kabisa na mfuko wake wa madaftari. Hakunisalimu.

Mhandisi alieleza kwa picha, kwa fimbo, kwa viatu. Kisha akaanza kusoma takwimu, kituo baada ya kituo, kama sheria inavyotaka, watu wakapiga miayo. Alipofika zahanati alisoma kwa mfululizo uleule, "Basi, elfu nane mia mbili na kumi na nne kwa siku," akaendelea na magari madogo.

"Simama hapo kidogo," alisema mtu katikati ya ukumbi. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule hiyohiyo; nadhani alikuja kwa sababu tu alikuwa hana kipindi. "Mmehesabu saa ngapi kwa siku?"

"Saa kumi."

Mwalimu akatazama dari kidogo. "Basi kituo cha zahanati kila sekunde nne linapita basi."

Ukumbi ulikaa kimya kwa muda wa basi moja hivi. Halafu mzee mmoja wa kwenye ukuta alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa nia njema, "Mimi jana nimesimama pale dakika arobaini. Labda nilikuwa nimeelekea upande mbaya."

Watu walikufa kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliomba aambiwe hayo mabasi ni ya rangi gani ili siku akiyaona ayajue. Mwingine akasema elfu nane hayapungui, tatizo yanapita kwa kasi mno hayaonekani. Mama mmoja alicheka mpaka kiti chake cha plastiki kikamsaliti, akainuliwa na majirani, akaendelea kucheka akiwa amesimama. Mwenyekiti alijificha nyuma ya glasi ya maji.

Mhandisi alifunua kurasa, akafunika, akafunua tena. "Takwimu hizi," alisema, "ziliingizwa na karani wetu." Akaninyooshea ile fimbo.

Nikasimama. Watu mia mbili wakanitazama. Ndipo, nikiwa nimesimama pale, nikakumbuka gari la msiba, na mambo yote yakanifungukia kwa mpigo. Kumi na wanne wamekaa, mmoja amelala.

"Huyo mwacheni, ni mkwe wangu," ilisikika sauti kutoka nyuma. "Aliyehesabu ni mimi."

Mama alikuja mbele polepole kwa sababu ya goti, na pia kwa sababu alikuwa anahesabu ukumbi njiani. Aliiambia meza kwamba waliomo ni mia mbili na kumi na tisa bila kuwatia wao, akaomba radhi kwa kuchelewa, akatoa madaftari.

"Hayo si mabasi elfu nane," alisema. "Hao ni watu elfu nane. Mabasi yalikuwa mia moja tisini na moja, nimeyaandika pia, kila mstari basi moja na mbele yake vichwa vyake."

"Mama, sisi tulitaka magari," alisema mhandisi, na namhurumia kidogo, maana kweli ndicho walichotaka.

"Nilikuuliza tunahesabu ili iwe nini, ukasema mahitaji ya usafiri. Sasa bati lina mahitaji gani? Bati likifika mjini linakwenda kumwona nani?" Akafungua daftari lingine. "Haya, na magari madogo yenu haya hapa. Elfu mbili mia saba na sita. Ndani yake watu elfu tatu mia moja na kumi. Wengi mmoja mmoja, maskini."

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameshatoa kalamu. Mwenyekiti akaweka glasi chini, akauliza taratibu, "Kwa hiyo barabara inayojengwa ni ya hawa elfu tatu?"

"Na hawa elfu nane wanapelekwa nyuma ya magereji," alisema mama. "Mimi ni mmoja wa hao. Nilijiandika." Hapo sauti yake, ambayo miaka thelathini na moja ilituliza watoto arobaini kwa pamoja, ikatetemeka. "Nina dada yangu pale zahanati. Ana macho mabovu na mdomo mbaya. Nikikosa kumfikia siku moja, anabaki na mdomo tu. Sina lingine."

Mhandisi aliinama akaniambia kwa sauti ya chini niseme ni kosa la uchapaji, nikae. Ilikuwa njia rahisi, na rahisi ndizo nilizozoea. Lakini mama alikuwa amesimama pembeni yangu, hanitazami, na madaftari yamemkaa mikononi vibaya, moja linataka kuanguka. Nikalishika.

"Si kosa la uchapaji," nikasema, na sauti iliyonitoka ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa chekechea. "Na kituo cha zahanati kwenye mchoro hakimo. Vimeondolewa sita. Mchoro huo nimekaa chini yake miezi kumi na moja."

Niliyosema baada ya hapo siyakumbuki vizuri, ila naambiwa nilitaja hadi mlango wa choo. Mhandisi alisema, si kwangu bali kwa hewa, "Kikulacho ki nguoni mwako." Ilikuwa barua yangu ya kufukuzwa, ile ya karatasi ilifuata wiki moja baadaye.

Tume haikuifuta barabara, nisitie chumvi. Iliikataa ripoti, ikaagiza kila kituo kihesabiwe upya, kwa watu na si kwa magari, na ikaandika kwamba hakuna kituo cha basi kitakachoguswa kabla ya mpango mwingine kuletwa, na mpango huo uonyeshe kwanza mabasi yatapita wapi. Mwenyekiti aliusoma uamuzi huo mara mbili, na nadhani mara ya pili alijisomea mwenyewe kwa raha. Watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa anatazama saa ya ukutani, ambayo ilionyesha saa kumi na moja na dakika ishirini.

"Dawa," alisema.

Tulitoka mbio, kama goti linavyoruhusu. Basi lilichelewa, kwa sababu mabasi yetu ni mia moja tisini na moja tu. Mama alikaa dirishani ameshika chupa ya dawa kwa mikono miwili, na mimi nikasimama juu yake, nimeshika bomba, sina kazi, na ajabu ni kwamba kooni mwangu hapakuwa na kitu tena.

Tulipokaribia zahanati, kondakta alipaza sauti kabla basi halijasimama. "Jamani, humu kuna mama anayehesabu abiria?"

"Anatafutwa na nani?" nikauliza.

"Kuna bibi hapo kituoni tangu saa tisa. Kila basi analiuliza hilohilo. Tumempa maji, tumemwambia arudi nyumbani, hataki."

Mama mkubwa alikuwa kwenye benchi la kituo. Yeye ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti chake kumpokea mtu, alikuwa amepapasa kuta hatua mia mbili zote, kiatu kimoja ni chake na kingine cha jirani. Alikuwa amesikia redioni kwamba leo wanaamua kuondoa mabasi, akadhani wakishaamua wanaondoa papo hapo. Alikuwa ameinua uso kuelekea mlango wa basi, anasikiliza miguu inayoshuka.

"Umechelewa," alisema kabla mama hajafungua mdomo.

"Nani alikwambia utoke nje?"

"Nimekuja kupunga upepo. Kwangu kuna joto."

"Na kiatu hiki ni cha nani?"

"Ni changu. Tangu lini wewe ukajua viatu vyangu?"

Mama alikaa karibu naye, akamshika kidevu akamwinua uso, akatia tone kwenye jicho moja, akatia na kwenye la pili. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kwamba kilichokuwa kinatiririka mashavuni kilizidi dawa. Mama alikifuta kwa kiganja, pande zote mbili, taratibu sana.

"Acha kufinya macho," alisema. "Unaimwaga yote."